Samaki Chui na Upawa wa Mchuzi

Usiku wa jana niliota, na kabla hujaanza kunicheka nasema mapema kwamba sikuwa na homa, na nilikuwa nimekula wali na maharage kama siku zote.

Kwanza ujue hali ya nyumbani. Tunakaa Mbeya, mbali na bahari na karibu na baridi, na sebuleni kwetu kuna tangi la kioo la maji ya chumvi. Chumvi hiyo mke wangu anaikoroga mwenyewe kwenye ndoo, anaipima, kisha hita inayapasha maji yawe ya uvuguvugu kama ya pwani. Yeye ni mwalimu wa baiolojia, mimi namwita Mama Lusajo. Mwaka mzima tangi hilo lilikuwa na mawe, mchanga na vidudu vidogo mno, bila samaki hata mmoja. Wageni walikuwa wanatupa pole. Kumbe alikuwa anasubiri vidudu vizaliane, maana ndivyo chakula cha samaki aliyemtaka.

Samaki mwenyewe ana madoa mwili mzima, kwa hiyo tunamwita samaki chui. Alifika ndani ya mfuko wa plastiki, akatiwa kwenye tangi, akazunguka mara moja, akajichimbia mchangani. Kesho yake mke wangu akaitwa Tukuyu kumtunza mdogo wake aliyejifungua. Aliniachia karatasi, akaibandika kwenye kioo. Alisema nitie chakula kidogo kidogo, mara nne kwa siku, hata kama sioni anayekula. Kifuniko kisiachwe wazi, samaki huyu anaruka. Mwisho kabisa aliandika: mchanga usiguswe, hata asipoonekana wiki mbili. Hapo alipiga mstari mara tatu, kwa sababu ananijua.

Mimi ni mkaguzi wa nyama machinjioni. Miaka ishirini na mbili napasua maini nione kama yana minyoo. Kitu ambacho sijakifunua sikiamini. Hata wali ukiwa jikoni nafunua sufuria mara tano, na mke wangu anasema wali wangu hauivi, unakata tamaa.

Siku ya tano uvumilivu ukaniisha. Nikachukua upawa wa mchuzi, nikafukua. Upawa ukagusa kitu laini, kikashtuka, nikautoa mbio na kusawazisha mchanga kwa mgongo wake. Jioni mke wangu akapiga simu. Akauliza kama nimegusa mchanga. Nikasema sijagusa.

Tangu hapo siku nne zilipita na samaki hakuonekana. Mama Lusajo alikuwa anarudi asubuhi kwa basi la kwanza. Nililala nikijua kwamba kama yule samaki amekufa, nimemuua mimi, na juu yake nimeweka uongo. Niliuacha upawa juu ya meza ya sebuleni, nichimbe alfajiri nijue moja.

Basi katika ndoto ni saa sita mchana na hita ya tangi inakohoa. Inasema, "Mkaguzi, njoo ukaguliwe."

Nikauliza nakaguliwa na nani. Ikajibu kwamba joto ni nyuzi ishirini na sita, maswali baadaye.

Nageuka kumtafuta mtu wa kumlalamikia, sebule imekuwa machinjio. Kila ndoano imening'iniza mfuko wa plastiki wenye maji, na mfuko wa mwisho una jina langu. Nikaingia, kwa sababu jina lilikuwa langu. Mfuko ukajifunga kwa mpira na kwenda kuelea juu ya tangi dakika ishirini, ili nizoee joto. Kisha mrija mwembamba ukaanza kunidondoshea maji ya chumvi tone moja moja.

Nikauomba unimwagie yote kwa mkupuo tumalize. Mrija ukasema wageni wanaoharakishwa hufa, ukaendelea kudondosha. Nilipigwa na butwaa, lakini mwili haukupigwa na butwaa, mwili ulikuwa unazoea. Nilipotazama mikono yangu niliona imeanza kupata madoa.

Mfuko ukapasuka, nikashuka taratibu mpaka chini. Samaki chui alikuwa juu ya jiwe, amevaa miwani ya mke wangu ya kusahihishia madaftari. Alikuwa mrefu kunizidi mimi, au mimi nilikuwa nimefupishwa, sikupata nafasi ya kupima. Ubavuni alikuwa na mchubuko mrefu wa mviringo.

Akanitazama. Nikajua anasubiri kitu.

"Mimi nina miaka hamsini na moja," nikamwambia.

"Mimi nina miwili. Kwa samaki chui hiyo ni mingi."

Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniambia nikae, chakula kiko tayari.

Meza ilikuwa meza yetu ya nyumbani, na sahani zetu za maua. Kwenye sahani moja kulikuwa na uduvi wa kwenye friji, wamegandana kuwa tofali. Hao ndio niliokuwa nawatia kwenye tangi kila siku. Kwenye sahani ya pili kulikuwa na wali, na ule wali ulikuwa unakimbia. Kila punje ilikuwa na miguu yake, inakwenda na shughuli zake, nyingine zimesimama ukingoni zinaongea.

Nikavuta sahani ya uduvi. Samaki akashangaa, akauliza kama kweli naweza kula kitu kisichotembea.

"Mimi nakula kisichotembea tu," nikasema. "Ni kazi yangu kuhakikisha hakitembei."

Sahani zote mbili zikatazamana. Samaki akasema kwa upole kwamba kwao kitu kisichotembea ni jiwe, na kwamba mtoto wa watu akitoka safari ndefu huwezi kumpa jiwe ukasema umemlisha. Nikaona aibu. Nikaanza kukamata punje za wali, moja moja, kwa mdomo, maana mikono ilikuwa haikunjiki tena. Nala punje, naitafuta nyingine. Shingo inauma. Nikauliza mlo huu unaisha saa ngapi. Akasema hauishi, ndiyo maana unaitwa kuishi.

Nikiwa bado natafuna, simu ikaita kutoka ndani ya jiwe. Alikuwa mke wangu, ila sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu anayetangaza msiba redioni.

"Baba Lusajo, hujambo? Nina ndevu."

Nikauliza ndevu gani.

"Za kidevuni. Zimeanza siku ile uliyoniambia hujagusa."

Nikamgeukia samaki. Akanieleza bila haraka kwamba kwao wote huzaliwa majike. Dume akipotea, jike mkubwa kuliko wote hugeuka kuwa dume, na huchukua siku kadhaa tu. Nikamwambia mimi sijapotea, nipo hapa. Akasema nyumbani kwangu hakuna anayeniona.

Hilo lilinichoma kuliko ndevu. Nilitaka kumwambia mke wangu kitu, lakini simu ilikuwa imeshageuka konokono na inaondoka zake juu ya kioo.

Taa zikaanza kuzimika, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Samaki akavua miwani, akaikunja, akaninong'oneza kwamba ni saa ya kulala. Nikamwambia ni mchana. Akasema alikotoka ni usiku, na mtu haachi saa za kwao kwa siku moja. Kisha akainamisha kichwa, akapiga mkia, akaingia mchangani kama mkono unavyoingia kwenye gunia la mahindi.

Nikafanya hivyo hivyo. Mchanga ulinipokea. Naapa sijawahi kulala pazuri kama pale. Ulikuwa umenibana pande zote bila kuniumiza, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikutaka kujua kilichoko upande wa pili wa kitu chochote. Nilikuwa napumua kidogo kidogo. Karibu yangu nasikia samaki naye anapumua, na kila pumzi ilimgharimu kwa sababu ya ule mchubuko.

Ndipo dari likafunguka.

Chuma kinashuka, kikubwa kama lori la kubebea mchanga barabarani, kinanuka binzari na nyanya. Kinazoa. Mchanga unaniondoka mgongoni. Mwanga unaniingia machoni wote kwa pamoja. Nikapaza sauti kwamba sijafa, nimelala. Hakuna kilichotoka ila kiputo.

Nikatazama juu. Nyuma ya kioo kulikuwa na uso umejaa dirisha zima, pua imebanwa kwenye kioo, macho yametoka. Ulikuwa uso wangu.

"Nataka kuona tu," ule uso ukasema.

Upawa ukanigusa ubavuni. Sijui nikuelezeje. Haukunikata, lakini moyo wangu ulisimama, na nilielewa kwamba mtu anaweza kufa kwa sababu hiyo tu, bila jeraha, kwa kushtuliwa mahali alipodhani pana amani. Nililia. Chini ya maji kilio hakionekani, lakini nililia.

Uso ukaondoka. Upawa ukabaki, ukasimama wima mchangani, ukajisafisha koo.

"Mimi nilitumwa," ukasema. "Siku ya tano, saa kumi na nusu jioni. Nilikuwa sijaoshwa vizuri."

Samaki chui alikuwa ametoka mchangani kwa taabu, amesimama mbele yangu. Nilifikiri atanihukumu. Akaniuliza swali moja tu.

"Mke wako alipokuuliza, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia sijagusa."

"Nilisikia. Nilikuwa hapa chini."

Hita ikaacha kukohoa. Hata zile punje za wali zilisimama. Nikamwomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, Kiswahili na Kinyakyusa, nikamwomba asife. Akasema kufa na kupona si vitu anavyovifanya kwa kuombwa, anahitaji mchanga utulie. Ila hakuniamini, maana mimi ni mtu wa kufunua. Alitaka amana.

Nikatafuta mifukoni, sikuwa na mifuko. Akanyoosha mdomo wake mdogo mpaka kwenye mkono wangu wa kushoto, akaivuta pete yangu ya ndoa polepole, kama mtu anayemvua mtoto kiatu. Miaka kumi na tisa pete ile ilikuwa haitoki hata kwa sabuni.

"Utaipata nikitoka," akasema. "Ukichimba, tunaanza upya kuhesabu."

"Na mke wangu akiuliza iko wapi?"

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Habari ya upawa," akasema, akazama mchangani na pete yangu mdomoni.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, jogoo wa jirani ameshamaliza zamu yake. Nilijipapasa kidevu, nikajipapasa mbavu, kila kitu kilikuwa cha binadamu. Nikacheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Kisha nikatazama mkono wa kushoto.

Kwenye kidole cha pete kulikuwa na alama nyeupe tu.

Nikakung'uta shuka, mto, foronya, nikaingia mvunguni na tochi. Hakuna. Nikaenda sebuleni. Upawa ulikuwa juu ya meza pale pale nilipouacha, mkavu. Kifuniko cha tangi kimefungwa na klipu zake zote mbili. Mchanga umelala sawa, hauna shimo wala alama ya kidole. Nikaushika upawa. Mkono wangu ulikuwa unataka, sikufichi, ulikuwa unataka kweli. Dakika tano za kazi ningejua samaki yuko hai au la, na pengine ningejua na mengine.

Nikiwa nimesimama hivyo, geti likalia. Mama Lusajo akaingia na mkoba wake na ndizi za Tukuyu. Nilimtazama kidevu kabla ya kumsalimia. Hakikuwa na kitu.

Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwenye upawa, kutoka kwenye upawa yakaenda kwenye tangi. Nilijua nina nafasi ya kupumua mara moja.

"Mama Lusajo," nikasema, "siku ya tano nilichimba. Nilikwambia sijagusa, na nilikuwa nimechimba kwa huu upawa. Nadhani nilimuumiza."

Aliweka ndizi chini. Kisha akasema alijua tangu siku ile, kwa sababu nilijibu haraka, na kwamba kilichomnyima usingizi Tukuyu si samaki, ni kutojua kama nitasema. Akapiga magoti mbele ya tangi na kusogeza uso karibu na kioo, bila kukigusa.

Akakaa hivyo muda mrefu. Nilipoona mabega yake yamelegea nikajua amemwona.

"Anapumua," akasema. "Njoo, pembeni huku, mchanga unapanda na kushuka."

Nikapiga magoti kando yake. Kama upana wa vidole viwili chini ya mchanga, pale unapokutana na kioo, palikuwa na kipande cha ubavu wenye madoa, kinapanda na kushuka.

Mke wangu alisogea karibu zaidi. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, akautazama, akarudi kutazama mchangani.

"Baba Lusajo," akasema polepole, "hiyo pete yako nani kamshikisha samaki mdomoni?"

Niliinuka, nikaenda kuurudisha upawa jikoni.