Viazi vya Yahaya

Sikuzani alitafuna kipande cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, kisha akakisogeza pembeni mwa sahani kwa adabu, kwa kuwa ilikuwa futari na chakula hakitukanwi. Mwanawe Sadiki alimwona.

"Leo tena, Mama?"

"Vina maji, mwanangu."

Sadiki akacheka, akasema vimekaa juani mpaka vimekuwa vigumu kama kuni, hayo maji yanatoka wapi. Halafu akaanza ya kila siku: magunia. Enzi za marehemu baba yake stoo ilijaa nusu. Sasa, kwa mbolea ya dukani, mlango haufungi, na watoto wanashiba. Sikuzani hakubisha. Wajukuu walikuwa wanashiba kweli.

Lakini yeye alikuwa na hamu ya kiazi cha Yahaya. Kila mwaka mumewe alilipasua tuta la mwaka uliopita, akalaza majani na samadi pale palipokuwa mfereji, akafunika, na tuta jipya likakaa hapo. Viazi vyake havikuwa vikubwa, ila ukivunja kimoja kinatoa unga, na utamu wake unabaki kooni mpaka swala ya Isha. Alipofariki, Sikuzani alikaa eda. Hakutoka, na katika msiba ule hakuna aliyekumbuka kumwagilia marando, yale mashina ya viazi ya kupandia, kule bondeni. Alipomaliza eda akayakuta yamekauka yote. Sadiki akaleta mbegu nyingine.

Baada ya Idi alimwomba mwanawe upande mmoja wa shamba lao, lile lililo kando ya njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Sadiki hakukataa, alimwambia tu mkewe, kwa sauti ya kusikika, kuwa Mama siku hizi ni bibi shamba. Mvua zilipokaribia, Sikuzani akapanda treni hadi Kaliua kwa Lugembe, rafiki wa marehemu, aliyewahi kupewa mbegu ile. Lugembe alikuwa nayo bado.

"Shemeji, ungechelewa kidogo ningeing'oa nipande tumbaku," alisema, akamfungia mzigo wa marando katika kanga iliyolowanishwa.

Samadi ilitoka kwa jirani yao Bertila, mama wa Kisukuma aliyezaliwa Ziba, mwenye ng'ombe. Alimtania kuwa kwao mwanamke hutolewa mahari ya ng'ombe mzima, si mavi yake. Sikuzani akacheka, akabeba. Alifukia majani kwa jembe la mumewe, na kila tuta alilianza kwa Bismillahi. Sadiki, kwa ubishi, akapanda marando yale yale upande wake, akatia mbolea yake ya chumvichumvi. Tutaona, alisema.

Wakaona. Viazi vya Sadiki vilikuwa kama vichwa vya watoto. Vya mama yake vilikuwa vidogo, vichache, na vingine vimetobolewa na wadudu wa fukuzi.

Wakachemsha sufuria mbili. Sadiki akala vya kwake, akala cha mama yake, mkono ukarudi tena kwenye sufuria ya mama.

"Hivi vina unga," alikiri. "Lakini kwa uchache huu, Mama, watoto wangelala njaa."

"Najua. Wewe endelea na vyako."

Sikuzani akavunja chake. Unga ukamwagika vidoleni, utamu ukashuka kooni, ule ule, haukupungua kitu. Alikuwa ameungoja tangu alipomaliza eda, akidhani siku utakapofika moyo wake utatulia. Alitafuna taratibu, macho yako mlangoni.

"Ndicho chenyewe, Mama?" Sadiki aliuliza.

"Kiazi ndicho," alisema. "Baba yako ndiye hayupo."

Akasema Alhamdulillahi, akakimaliza chote na ganda lake, kisha akamwomba mwanawe amwekee kingine.