Mawe ya Festus Lavelle

Kila mwaka, majani yalipoanza kupukutika, dereva Attracta Gaughan alilisimamisha basi tupu la shule kando ya kalvati, bomba linalopitisha kijito chini ya barabara, akashuka kuwatazama samoni wakiteseka. Walitoka baharini kuja kutaga katika kijito walikozaliwa, na hapo barabarani safari ikawaishia. Bomba la kalvati lilikuwa juu mno. Samaki waliruka, wakagonga saruji, wakaanguka.

Mwaka huu samoni wa kwanza walifika mapema, kiangazi hakijaisha, naye alikuwa amechoka kutazama. Akamwita ofisa wa mto. Mama yule alisema barabara haina haja ya kuvunjwa: wakipanga mawe makubwa ngazi kwa ngazi chini ya bomba, maji yatapanda na samaki watapita. Ruhusa angeitoa yeye.

"Mawe na mikono mtafute wenyewe."

Mikono ilipatikana Jumapili, watu walipotoka kanisani. Mawe yalikuwa kwa jirani, Festus Lavelle, mfugaji, katika ukuta uliobomoka zamani.

"Mawe ya marehemu babu hayaendi kulala na samaki," Festus alisema, ameegemea lango.

"Kwani babu yako hakula samoni?"

"Alikula sana. Ndiyo maana wamekwisha."

Attracta hakutaka kucheka, akacheka. Lakini mawe hakupewa.

Jumamosi majirani waliingia kijitoni na viatu vya mpira, wakipanga vijiwe vya bustanini ambavyo maji yalivisomba papo hapo. Mara wakasikia trekta. Festus alikuwa anavuta tela lililojaa mawe ya babu.

"Jana nilikuja kuhakikisha kwamba huna akili," alimwambia Attracta bila kumtazama. "Nikamkuta jike mmoja mnene. Karuka, kagonga pua. Karuka tena, kagonga. Hata ng'ombe angekata tamaa." Akashuka. "Na aliyepanga jiwe lile ni adui wa samaki. Liondoeni."

Wakashinda majini, wameloa chapachapa, wakitaniana, Festus akiwaamrisha kama mama mkwe.

Jumanne moja, mvua kubwa ziliponyesha, kijiji kilijaa barabarani na miavuli. Samoni mmoja alipumzika kwenye ngazi ya kwanza, akapanda ya pili, akapiga mkia, akaingia bombani kama mtu anayeingia kwake. Wote wakakimbilia upande wa pili wa barabara. Akatokea, akashika njia ya juu taratibu.

Attracta alijikuta analia huku amemng'ang'ania Festus mkono.

"Ni yule yule," Festus alisema. "Namjua kwa pua."

Wiki ile ile alizungushia waya ukingo wa kijito, ng'ombe wake wasije kukanyaga mayai kwenye changarawe. Kesho yake Attracta aliteremka kuchungulia, akasikia mtu anafoka kutoka malishoni.

"Wewe mama, angalia miguu yako. Unanikanyagia wajukuu."

"Wajukuu tangu lini, bwana?"

"Tangu Jumanne."