Akataye Mlingoti

Kwaruu. Kisha kimya. Kisha kwaruu tena, kama mtu anayekomba sufuria lililokwisha kukombwa.

Sixbert aliisikia sauti ile akiwa bado juu ya mteremko, na ukungu wa alfajiri ulikuwa umefunga bonde zima asione hata miguu yake. Hakuhitaji kuona. Ilikuwa kata ikikwaruza jiwe. Alipokuwa mtoto, kata haikuwahi kugusa jiwe kwenye chemchemi ile. Ilizama ikatoka imejaa, na ukilegeza mkono maji yalikunyang'anya. Alishuka mbio, akijishikiza kwenye shina hili na lile. Milingoti, mikaratusi kama waiitavyo wengine, ilisimama kulia na kushoto, imenyooka kama askari wa gwaride, haijali nani anapita.

Aliyekwaruza ni mama yake mdogo, Verediana, mwanamke aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Alikuwa amepiga magoti katikati ya chemchemi, khanga imeshiba tope, akikusanya maji ya rangi ya chai kata kwa kata. Nyuma yake akina mama wa mtaa wa Mfaranyaki walikalia ndoo zao walizozipindua, wakingoja zamu.

"Mshairi ameamka," alisema Zabibu, mke wa mwalimu, aliyehamia hapo kutoka Tunduru. "Njoo uyatungie haya matope beti mbili. Labda yataona haya yatakate."

Akina mama walicheka, kicheko cha watu ambao hawajala.

"Dada Zabibu, asubuhi hii sina la kujibu."

"Wewe? Basi dunia imekwisha. Mimi jana nimeshindwa hata kutawadha. Mungu atanielewa, ila mume wangu na kanzu yake hawanielewi."

Sixbert alivua viatu, akaingia, akamwinua mama yake mdogo kwa kwapa. Alikuwa mwepesi, kifua kinapiga filimbi. Kisha akalala kifudifudi, akaingiza mkono kwenye jicho la chemchemi, pale maji yanapotokea katikati ya mawe mawili. Vidole vyake vikagusa kitu laini kama nywele. Akavuta. Kikatoka kishada cha mizizi ya mlingoti, myekundu, myembamba, mirefu kuliko mkono wake, inachuruzika. Akavuta kingine. Na kingine. Maji yakatoa mkoromo mmoja, yakaja kidogo, yakarudi kuwa yale yale.

"Wanywaji wangu wa kilabuni wana mwisho wao," Verediana alisema akikohoa. "Mtu akishiba komoni huenda kulala. Hawa wako, baba, hawalewi."

Hawa wako. Neno hilo lilimwingia Sixbert kuliko baridi ya tope, kwa sababu lilikuwa kweli.

Miaka michache nyuma, wakati ushirika ulipoanza kuyumba na mbolea ya ruzuku kuwa hadithi, watu wa bonde hili waliamua kufanya jambo lao wenyewe. Hawakungoja mtu wa mjini. Walisema, tulinde chemchemi yetu. Wakaunda kikundi, wakaomba miche kwenye mradi mmoja uliokuwa ukigawa bure, na miche iliyokuwepo ilikuwa ya aina mbili: mlingoti na mzambarau wa porini. Sixbert ndiye aliyepewa kazi ya kutunga maneno ya kuwahamasisha watu. Hakufundishwa na mtu kutunga. Alijifundisha mwenyewe kwa kuhesabu mizani vidoleni akipalilia mahindi, na alijua kwamba katika Songea nzima hakuna aliyemfikia. Akatunga:

Chemchemi bila miti, maji yatatukimbia;
Akataye mlingoti, kaburi ajichimbia.

Miti, mlingoti. Mizani kumi na sita, kina kimelala kwenye kina kama kifuniko kwenye chungu. Mzambarau ulizidisha mizani na ukakosa kina, hivyo aliuacha nje. Watu wakaukariri ule ubeti, wakauimba, na walipokwenda kuchukua miche waliomba ule uliotajwa kwenye wimbo. Hakuna aliyetaka mzambarau. Siku ya kupanda walifyeka matete na mikuyu ya wazee iliyokuwa imezunguka maji, wakisema wanasafisha, na wakaingiza milingoti mpaka ukingoni mwa chemchemi. Sixbert alibebwa mabegani siku ile.

Kisha Beda, fundi baiskeli, alikata mlingoti mmoja akaezekea jiko lake. Kabla masika hayajakwisha wakamzika. Tangu hapo ubeti haukuwa wimbo tena. Ulikuwa kiapo.

Mchana, baada ya misa, Sixbert alikwenda uani kwa Athanasi, balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kikundi. Watu walikuwa wamekwisha kusanyika, kwa kuwa habari ya mizizi ilimtangulia. Mizizi yenyewe alikuja nayo, imefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Naona umeleta mboga."

Watu wakacheka. Sixbert hakukaa. Alifungua gazeti, akaitandaza mizizi kwenye vumbi.

"Hii imetoka ndani ya jicho la maji. Milingoti inakunywa chemchemi, baba. Naomba kikundi kiikate yote, tuanzie ile ya ukingoni, kabla jicho halijafumba."

Athanasi aliigeuzageuza mizizi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na magunia ya mahindi yanayobunguliwa ndani kwa sababu ushirika haukuja kuyachukua, na wafanyabiashara wenye malori walikuja pale tu walipopenda.

"Mwanangu," alisema, "sasa hivi kila mtu ameambiwa ajitafutie. Mahindi hayana mwenyewe. Hii miti ndiyo kitu pekee tulichonacho ambacho mtu wa lori anakiulizia. Ikinenepa kidogo tutauza nguzo, na darasa la watoto litapata bati. Unataka tukate fito?"

"Na maji?"

"Mto upo."

"Mto upo kwako wewe mwenye baiskeli. Mama mdogo atafika mtoni na kile kifua?"

"Tuombe mvua," mtu mmoja alisema nyuma.

"Na kuna jambo jingine," Athanasi aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Beda alikata."

"Beda aliugua mapafu, baba. Kila mtu alijua, hata kabla hajakata."

"Mapafu yanaweza kuugua kwa amri. Maneno uliyasema wewe, na ulikuwa mkali ulipoyasema. Tuliyapokea. Tukawafundisha watoto."

"Basi ayafute," Zabibu alisema kutoka kwenye kivuli cha jiko. "Aliyefunga afungue. Ana ugumu gani?"

Wote wakamgeukia. Ilikuwa nafasi yake, naye alijua. Angesema: nilikosea, niliuchagua mti kwa sababu ya kina. Maneno machache. Lakini kiburi kilimshinda. Akasema, "Shairi halifutwi."

"Umesikia mwenyewe," alisema Athanasi, karibu kwa huzuni. "Halifutwi. Basi nami nasema mbele ya wote. Atakayekata, mtaa huu hautashika jembe kwenye msiba wake. Yeye wala nyumba yake. Si sheria yangu. Ni yako: kaburi ajichimbia."

Bondeni mtu aweza kunyimwa chumvi, akanyimwa salamu, akaishi. Kaburi hanyimwi mtu. Hata mwizi huchimbiwa, na wanaomchimbia hunyweshwa uji. Sixbert alifungua kinywa kujibu kwa ubeti, kama alivyozoea kila alipobanwa, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake haukuja hata ubeti mmoja. Nyuma yake mwanamke mzee alianza kuuimba ule wa zamani kwa sauti ndogo, wala si kwa kumdhihaki. Aliuimba kama watu waimbavyo wakiogopa. Wengine wakaupokea. Akatoka akiusikia mpaka kwenye kona.

Verediana alikuwa amekaa kizingitini, mitungi yake ya komoni imefudikizwa jua liichome. Kimea kilianikwa kwenye mkeka na hakukuwa na maji ya kukipikia. Habari ilikuwa imekwisha kumfikia.

"Waliimba?" aliuliza.

"Waliimba."

"Ulitunga vizuri mno. Hilo ndilo kosa lako." Alikohoa, akangoja pumzi irudi. "Shoka liko nyuma ya mlango."

"Umesikia alichosema Athanasi? Mimi na nyumba yangu. Nyumba yangu ni wewe."

"Mimi ni mgonjwa wa kifua, mwanangu, masikio ni mazima. Lete shoka. Na fimbo yangu."

Waliteremka pamoja, yeye mbele, mama yake mdogo nyuma akipumzika kwa kila mti. Juu ya mteremko watu walianza kujipanga, mmoja mmoja. Zabibu alikuwepo, ameshika mdomo. Athanasi alikuwepo, mikono nyuma.

Sixbert alichagua mlingoti ulioinamia jicho la maji. Akapiga. Harufu kali ya majani ikashuka kama dawa ya mafua. Akapiga mpaka viganja vikachubuka, mpaka mti ukalia, ukalala kwenye tope. Juu, hakuna aliyesogea. Nyuma ya mti ule ulisimama mwingine, na nyuma ya huo mwingine, mpaka macho yakachoka.

"Ukikatwa unachipua huo," Verediana alisema. "Hujui?"

"Najua. Nitang'oa na mashina."

"Peke yako?"

Alitazama juu. Watu walikuwa wameanza kuondoka, Athanasi wa kwanza. Zabibu ndiye aliyebaki nyuma, akageuka mara moja, naye akaondoka.

"Peke yangu."

Verediana alikaa juu ya gogo bichi, fimbo katikati ya magoti. Hakulia. Aliangalia jicho la chemchemi, ambalo halikuwa limeongeza hata tone.

"Maji haya nimeyanywa tangu nilipoletwa hapa kuolewa," alisema. "Sitaki kuondoka kabla hayajarudi, lakini kifua hiki hakiniulizi. Kiangazi hiki au kijacho. Wale hawatakuja, nawajua. Ardhi wakati huo ni ngumu kama jiwe, na wewe utakuwa umekwisha nguvu kwa mashina haya. Nani atanichimbia, Sixbert?"

Aliliweka shoka chini. Akapiga magoti kwenye tope mbele yake, akaishika mikono yake miwili, akasema kwa sauti ya kuwafikia wale wa mwisho waliokuwa bado wanapanda mteremko:

"Nitakuchimbia mimi, mama mdogo. Kina kamili, kwa mikono hii, hata ardhi iwe chuma. Na maji ya kukuosha nitayateka hapa."