Magoti ya Kadzo

Mtu akiniuliza tena kwa nini dada yangu Mbeyu, daktari mzima, ameacha upasuaji akaenda kusomea magoti ya watoto, nitamtusi. Huko chuoni wanaita rumatolojia ya watoto, nimelisema jina hilo mpaka limenikaa mdomoni. Mjomba wetu Erastus alisema ni kuchezea bahati, kwamba hakuna mtoto anayeumwa na viungo, hayo ni maradhi ya wazee. Nilimwambia anyamaze. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini nyinyi nitawaambia.

Naitwa Mapenzi. Nakaa Utange, huku Kisauni, nauza mahamri na mbaazi. Binti yangu ni Kadzo. Sisi Wagiriama binti wa kwanza hupewa jina la mamake babake, kwa hiyo Kadzo ni somo wa mavyaa wangu, naye ni Kadzo pia. Mtoto humwita hawe, yaani bibi. Mavyaa aliletwa kwetu na mume wangu, Nyale, kutoka Ganze, kwa sababu huko kwao mvi zilikuwa zimegeuka kesi. Wazee wawili wa kijijini kwake walikuwa wameuawa, wakisemwa ni wachawi. Alipofika nilimnunulia piko nikampaka kichwani, nywele zikawa nyeusi tititi. Alijitazama kwenye kioo akasema kilichobaki ni kumtafutia mchumba. Tulicheka sana siku hiyo.

Kadzo mdogo alikuwa na miaka sita. Walilala kitanda kimoja, yeye na hawe wake.

Ikaanza asubuhi moja, nilimwita mtoto akaitika abee, lakini hakuja. Niliingia chumbani nikamkuta amelala magoti yamekunjika, na kila nikijaribu kuyanyoosha analia. Mavyaa akachemsha maji, akamkanda, akampaka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Jua lilipopanda mtoto alikuwa nje anaruka kamba na wenzake. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Nilimpeleka zahanati, lakini foleni ilitufikisha ndani mchana, mtoto ameshachangamka, na daktari wa pale akasema anakua huyu, mpe panadol. Mwalimu wake alisema anadeka ili achelewe shule. Niligombana na mwalimu yule mbele ya darasa zima, na wala sijutii.

Majirani hawakusema anadeka. Laiti wangesema hivyo. Wao waliona mtoto analala na bibi anaamka amefungwa, bibi anamshika anafunguka. Sasa nani anayemfunga? Neno hilo lilianzia mferejini tunapoteka maji, kwa wanawake wenzangu, wale wale ninaowakopesha mahamri. Lisemwalo lipo, wakaambiana. Wateja wakaanza kununua wakiwa wamesimama mbali na mlango. Halafu wakaacha kununua. Jioni moja vijana wawili nisiowajua walikuja wakaketi juu ya ukuta wa jirani, hawaongei, wanatazama kwetu. Mavyaa akawasalimia. Hawakuitikia. Niliogopa, sifichi, kwa sababu mtu wa kwetu akinyima mzee salamu, moyoni ameshamzika. Nikamwambia mavyaa aingie ndani.

Wakati huo Mbeyu alikuwa amemaliza mwaka wake wa mafunzo hospitalini, anangoja kuchagua atabobea wapi. Sote tulishamchagulia upasuaji. Alikuja kwangu mapumziko, akalala, na alfajiri akaamshwa na kilio. Nilimwona dada yangu akibadilika uso. Hakuuliza mambo ya kurogwa. Aliuliza ugumu ule huchukua muda gani kuachia, akayapapasa magoti, akaniambia niyashike na mimi. Yalikuwa ya moto, yamevimba kidogo, uvimbe ambao kwa macho huuoni. Akamtoa mtoto damu akaipeleka kupimwa, akampigia simu mwalimu wake Nairobi, mmoja wa wale wachache wanaojua mambo hayo, na mtoto akaanzishiwa dawa. Tukaambiwa dawa hii ni ya pole pole, matokeo tusiyatarajie kabla ya miezi miwili.

Miezi miwili hatukuwa nayo. Lewa, kakake mkubwa Nyale, alikuwa tayari amepiga simu kutoka Ganze akisema habari zimemfikia. Mnapaswa kujua kwamba shamba la mikorosho kule lilikuwa bado mikononi mwa mavyaa, na Lewa alikuwa akililia tangu babake afe. Mbeyu akasema, mwite, waite wote, mimi nitawaeleza. Alikuwa na imani kwamba ugonjwa ukishapata jina, mavyaa atakuwa salama. Hata mimi niliamini. Niliwapikia pilau.

Walikuja Jumapili baada ya kanisa, Lewa na wanawe wawili, na majirani wakajazana uani bila kualikwa. Mavyaa aliketi mkekani, mtoto kamlalia mapajani. Mbeyu akasimama. Alisema vizuri, polepole, kwa heshima. Akasema, "Mtoto huyu hakurogwa na mtu. Tumempima. Ana baridi yabisi, ni ugonjwa, na una dawa."

Majirani wakasogea karibu. Nikadhani wameelewa.

Lewa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa alichokuwa akikitafuta. "Ahsante, daktari," akasema. "Umetusaidia sana. Baridi yabisi ni ugonjwa wa nani?"

Kila mtu alijua. Kwetu baridi yabisi ni ya vikongwe, hata mtoto mchanga anajua hivyo. Lewa akawauliza wanawe kama si kweli kwamba bibi yao miaka yote kule Ganze alikuwa akilia magoti, hawezi kwenda msalani bila fimbo. Wakasema ni kweli. Akauliza, na hapa Utange nani amemsikia akilia magoti? Hakuna. Ningewaambia kwamba hapa halimi, hateki maji, hapandi kilima, magoti yatamuuma kwa lipi? Nilisema, tena kwa sauti. Nani anisikilize. Walikuwa wakizitazama zile nywele nyeusi nilizompaka mimi. Amemtwika somo wake uzee wake, mtu mmoja akasema nyuma, na wengine wakaguna.

Mbeyu akajaribu kuokoa. Akasema ugonjwa huu hauambukizi, hauhamishwi, ni mwili wa mtoto unaojipiga wenyewe. Masikini dada yangu, kila alichosema kilikuwa kamba nyingine. "Mwili ujipige wenyewe?" Lewa akauliza. "Bila kutumwa?"

Wakala pilau yangu, wakaondoka. Mlangoni Lewa akamwambia mume wangu kikulacho ki nguoni mwako, na Nyale akainamisha kichwa. Sijamsamehe kichwa kile.

Jumamosi iliyofuata walirudi na gari. Walisema kuna matanga ya shangazi yao Ganze na mama anahitajika. Nilisimama mlangoni na mwiko wa mahamri mkononi nikawaambia mama haendi, na anayemtaka anipite mimi kwanza. Nilimwita Nyale, akabaki ndani. Mavyaa ndiye aliyenishika bega. Alikuwa amekwisha kujifunga leso zake mbili.

"Mapenzi, niachie njia," akaniambia. "Nikikataa watanifuata humu, na humu mna mtoto."

Nilimpigia simu Mbeyu, alikuwa kazini, hakushika. Nilikwenda polisi, nikaambiwa mtoto kumpeleka mamake kwenye matanga si kosa. Jumatatu asubuhi mavyaa alikutwa kwenye mikorosho yake, amekatwa. Polisi wakaja, wakauliza, wakaenda zao. Kijiji kizima kilikuwa kimelala usiku ule, hakuna aliyesikia lolote. Hata mbwa, wanasema, hawakubweka.

Na hili ndilo linaloniunguza mpaka leo. Dawa ilifanya kazi. Miezi miwili ilipotimia, matanga yameanuliwa juzi tu, Kadzo akaanza kuamka mwenyewe, akasimama, akaenda chooni bila kushikwa. Mnaona, wakasema. Wateja wangu wakarudi, wakanipa pole na pongezi kwa pumzi moja. Kanisani kwetu mama mmoja akasimama akatoa ushuhuda kwamba mtoto wa Utange amefunguliwa, na watu wakapiga vigelegele. Nilitoka nje kabla havijaisha.

Mbeyu hakula siku kadhaa. Halafu akaja akaketi jikoni kwangu akaniambia upasuaji basi.

"Watoto hawa hawana hata jina la ugonjwa wao, dada," akasema. "Tumewaazimia la wazee, na jina hilo limeua mtu. Mimi nitakwenda nisome, nirudi huku huku Kisauni. Mtoto akiamka hivi, nataka mimi ndiye niwahi kwake kabla ya Lewa."

Mjomba Erastus alimwuliza atakula nini. Nyale siku hizi hasemi. Mbeyu amekwenda, bado yuko masomoni, na huku kwetu wa kazi hiyo bado hatuna.

Miaka mitatu imepita. Kadzo ana tisa. Mwezi uliopita, wakati wa zile mvua za baridi, mama yangu mzazi alikuja kututembelea kutoka Likoni, akalala chumba kimoja na mtoto. Alfajiri nilikuwa nikisukuma mahamri, nikasikia kimya ambacho sikukipenda. Niliingia. Mama yangu bado alikuwa amelala, anakoroma. Kadzo alikuwa macho, chali, shuka ameivuta mpaka kidevuni, machozi yanamtoka na mdomo ameubana asitoe sauti. Nilipitisha mkono chini ya shuka nikagusa magoti. Yalikuwa ya moto.

Nikageuka nikamwamshe mama yangu, aniwekee maji jikoni. Mtoto akanikamata mkono, kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Usimwambie mtu, mama," akaninong'oneza. "Nimebakiwa na hawe mmoja."