Diski ya Zamani ni ya Fundi

Wewe ungefanya nini, kama unapita sokoni Baraka na beseni la ndagala, dagaa wa ziwa letu, kichwani, halafu unasikia sauti yako mwenyewe inatoka ndani ya kibanda cha fundi, inasema mambo ambayo mwanamke hayasemi mpaka mlango umefungwa?

Mimi nilisimama.

Nieleze kwanza. Mjukuu wangu Ketsia ni mwalimu kule Fizi-Centre. Ana laptop ya zamani, aliyoinunua ikiwa imeshachoka kwa mtu mwingine. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kuchagua mchele, ukauosha na kuubandika, nayo bado inazungusha kile kiduara chake. Mwezi uliopita alishuka nayo, tukaenda pamoja kwa Eddy, fundi mwenye kibanda cha mabati karibu na wauza chumvi.

Nilikaa kwenye benchi nikaangalia kila kitu. Eddy alishika kwanza chuma cha dirisha, eti kuondoa umeme wa mwilini. Akafungua visikurubu vya chini, akavipanga ndani ya kifuniko cha kopo visipotee. Akapuliza vumbi, vumbi lile lingetosha kupanda mboga za lengalenga. Akaongeza kijibao cha memori kando ya kile cha kwanza, kikaingia, ta! Kisha diski. Ile ya zamani nzito kama kipande cha sabuni, mpya nyepesi kama biskuti. Aliziunganisha kwa waya, akanakili vyote vilivyokuwamo, mpaka betri ya sola ikaanza kulegea. Alipomaliza, laptop iliwaka kabla sijamaliza kukohoa. Nilimpigia makofi, kweli.

Diski ya zamani akaitia kwenye droo. Mi nilimwona, nikanyamaza. Kwetu ni vile: ukipeleka mahindi kwa msagaji, pumba zinabaki kwake; ukipeleka kitenge kwa mshonaji, vipande vinabaki kwake. Nani anarudi kuulizia pumba? Hata Ketsia hakuulizia.

Lakini ndani ya pumba zile nilikuwamo mimi! Kabla ya arusi ya Ketsia nilimfundisha namna ya kukaa na bwana: usafi, hasira, kitanda, vyote, bila kuficha. Yeye akarekodi kwenye laptop asisahau. Nilimwambia, "Haya ni ya bamama peke yao." Akaapa.

Na sasa wanaume walikuwa wamejaa benchi la Eddy wakingoja simu zao zipate chaji, na sauti yangu inafundisha nyuma ya pazia la kibanda.

"Nyanya, endelea tu!" mmoja akaniita. "Na siye tunajifunza!"

Wakacheka mpaka benchi likalia. Nikatua beseni chini.

"Eddy! Toka hapa!"

Akatoka, bisibisi mkononi.

"Juu ya nini sauti yangu iko mu kibanda yako?"

"Nyanya, diski ya zamani iko ya fundi. Ni vile siye bote tunafanyaka."

"Chuma iko yako. Mudomo wangu nilikuachia siku gani?"

"Naapa, nyanya, si mi ninasikilizaka."

"Basi diski inajisikiliza yenyewe?"

Eddy akatazama pazia. Hapo ndipo hasira ilinipanda kabisa.

"Sikia, mutoto. Mushonaji anabakia na kipande ya kitenge. Habakie na matiti ya mwenye nguo!"

Yule wa "endelea tu" akaanza kuchunguza viatu vyake.

Nikalivuta pazia mwenyewe. Ndani alikaa mke wa Eddy, Fanny, ambaye tulikuwa tunasalimiana tu njiani. Binti huyo alikulia kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa. Wazazi wake walizikwa kule, akarudi huku peke yake, Eddy akamwoa. Diski yangu ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ya mume wake. Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma, naye alikuwa amepandisha sauti ili asikie. Hakujua kwamba nje kote wanasikia. Aliponiona akazima.

"Na weye unanicheka?" nikamwuliza. "Sauti ya mwanamuke muzee inakuchekesha?"

"Hapana, nyanya. Sicheke."

"Basi unatafuta nini mule ndani?"

Akachomoa waya, akanipa diski kwa mikono miwili, macho chini. Ilikuwa bado ya moto. Nikaifunga kwenye ncha ya kitenge changu. Nilikuwa nimeshaamua: nikifika nyumbani naivunja kwa jiwe, halafu nampigia Ketsia simu, naye ayasikie yake.

"Umwambie," Eddy akamwambia mke wake polepole kutoka mlangoni.

"Weye nyamaza!" nikamwambia. "Maneno yako yamekwisha."

Nikainama kushika beseni. Fanny akanifuata mpaka nje, akasimama mbele ya wale wanaume wote.

"Nyanya, mi niliolewa bila mama, bila shangazi," akasema. "Kila siku nilitaka kuja kubisha kwako, nikaona haya. Nilitaka weye mwenyewe unifundishe."