Ranetta Anarusha Hatua

Ranetta alikuwa mbiombio na kreti ya maji, huku bendi ya shule ikishuka barabara kuu ya mji wao, kule Alabama, matarumbeta yakitikisa vioo vya maduka. Hadi Alhamisi alikuwa nahodha wa wasichana wanaocheza densi mbele ya bendi. Leo, Jumamosi ya gwaride, anawanywesha wenzake maji.

Kisa mizani. Kocha Haverly aliileta mwaka huu, akaiweka mlangoni mwa ukumbi. "Nataka mstari mwembamba, msafi," alisema. "Nyinyi miili yenu ni ya vyakula vyenu. Mikate ya mahindi, mafuta tele. Hamna nidhamu." Hao nyinyi walikuwa wasichana weusi, na hakuna asiyeelewa. Kaylin, Mzungu pekee kwenye timu, alimzidi Ranetta uzito. Kocha akampigapiga bega, akasema hiyo ni misuli. Ranetta akavuliwa sare.

Tangu mizani ije ameishi kwa matufaha, lakini njaa haikumuuma kama jambo jingine. Mkuu wa bendi ya chuo alikuwa jukwaani mbele ya mahakama, amekuja kuchagua msichana mmoja asomeshwe bure. Mama yake, Vernell, anakata kuku kiwandani. Njia nyingine ya kufika chuoni hawana.

"Netta! Njoo ule, mwanangu!" Vernell aliita kutoka kando ya barabara, bakuli la chakula mkononi.

"Baadaye, Mama!"

"Baadaye gani? Macho yamekuingia ndani! Huyo kocha wako atakuzika!"

Watu wakaangua kicheko. Gwaride likasimama mbele ya jukwaa.

Katika timu hii hakuna anayehesabu kwa mdomo. Nahodha hurusha hatua ghafla, safu iliyo nyuma yake huidaka, kisha inayofuata, mpaka mwisho. Asiporusha, hachezi mtu. Ngoma zikaita. Nahodha mpya, Jalisa, kimbaombao, rafiki wa Ranetta tangu chekechea, alisimama mikono kiunoni. Hakurusha kitu.

Ngoma zikaita tena. Jalisa akasogea pembeni, akaiacha nafasi ya nahodha wazi.

"We Netta, unangoja kadi ya mwaliko?" akafoka. "Jua kali, shoga!"

Ranetta akatua kreti, akaingia na fulana yake iliyolowa.

"Huna sare wewe!" Kocha alipiga kelele kutoka jukwaani.

Ranetta akarusha. Nyonga kulia, goti juu, kichwa nyuma. Safu ya kwanza ikadaka, ya pili ikadaka, Kaylin naye akadaka. Barabara nzima ikalipuka. Vernell aliruka mpaka kiatu kikamtoka. Raha iliyoje! Kila kilo aliyosimangwa nayo ilikuwa kazini.

Ngoma ziliponyamaza, alimfuata mama yake akihema, akatia kipande cha mkate wa mahindi mdomoni. Pale jukwaani, hatua chache tu kutoka kwao, mkuu wa bendi ya chuo alikuwa amemwinamia Kocha.

"Yule wa mbele anaitwa nani?"

"Yule? Hayumo kwenye timu," Kocha alijibu. "Mbeba maji tu."

Ranetta alimeza bila kutafuna.

"Ranetta Pettway!" akapaza sauti.

"Wa Vernell!" mama yake akaongeza, kiatu mkononi.

"Ranetta Pettway!" wakaitikia wasichana, safu baada ya safu, mpaka mwisho.

Kocha akageuka, uso umemwiva. Ranetta akamega kipande kingine, akakila taratibu, akimtazama machoni.