Mkeka wa Sada

Mwanamkasi alikuwa mtu wa kucheka, tena kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Tangu mwanawe Sada achukuliwe na homa ya siku tatu, akaganda. Hakulia matangani, hakulia kwenye hitima, arobaini ikapita macho makavu. Watu wa Dunda, midomo yao haina kufuli, wakasema loo, mama gani huyu! Hawakujua kitu. Alimenya muhogo, alifagia, aliitikia salamu, na ndani yake hamkuwa na chochote.

Sada ndiye aliyeanzisha Jamaa wa Vitabu, wale watu waliojitolea kukitunza chumba cha kusomea karibu na soko. Vitabu vilipangwa chini, na mchwa, wallahi, walikuwa wasomaji kuliko watu. Mwaka ule wa hamsini na tatu Jamaa wakaazimia kununua kabati la mvule. Fedha zitoke wapi? Pakaamuliwa pawe na mnada, kila nyumba itoe kitu.

Mkubwa wa Jamaa alikuwa Zuleha, shoga yake Mwanamkasi tangu utotoni. Alipita nyumba kwa nyumba, na kwa Mwanamkasi alifika siku ya pili baada ya arobaini.

"Wewe shoga hatukudai kitu," akasema. "Nimekuja kukujulia hali tu."

"Chukua ule," Mwanamkasi akamjibu, akionyesha mkeka uliokunjwa na kuegemezwa ukutani.

Ulikuwa mkeka aliousuka Sada, wa zambarau na kijani, upande mmoja bado haujapindwa ukingo. Zuleha akamwuliza, una hakika? Akamwuliza tena.

"Nimeshasema chukua, bwana. Unanichosha."

Alasiri Mwanamkasi akaingia chumbani kufagia, akapaona pale ukutani patupu. Akasimama na ufagio mkononi. Hata hapo hakulia, ila alilijua jambo moja wazi, kama mtu ajuavyo kwamba ana kiu: anautaka mkeka wake. Lakini kwenda kuuomba? Kitu umekitoa kwa ajili ya kheri, kisha ukifuate? Ebo! Angeuficha wapi uso wake? Njia ilikuwa moja tu, kuununua. Akatoa shilingi kumi na moja za nazi zake, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Sasa, mnada wa kheri una ada yake. Ukishanunua kitu, hukichukui. Unasema kwa sauti, "Nakirudisha!" watu wanakushangilia, na kitu kinanadiwa upya. Yai moja la kuku huweza kuuzwa mara saba na bado likawa mezani. Hakuna sheria inayokulazimisha, ila ukiondoka na kitu chako utasemwa mpaka Ramadhani. Mwanamkasi alikuwa amerudisha mayai, majogoo na vikapu tangu yu mwari.

Siku ya mnada, kwenye baraza la chumba cha kusomea, Mwinyimvua dalali akauinua mkeka juu. "Mkono wa marehemu Sada huu, jamani! Nani ataanza?"

Shilingi mbili. Nne. Bwana Muhanna mwenye duka akasema saba, akaupata, akaurudisha. Ukaanza tena. Mwanamkasi akasema, "Kumi na moja."

Nani ampandie bei mama mtu? Mwinyimvua akapokea fedha, akamkabidhi mkeka mikononi. Akaukumbatia. Ukili ulikuwa laini, na mikono yake iliujua. Maneno aliyapanga tangu asubuhi: nauchukua, mniwie radhi. Watu wote wakamtazama, wakingoja lile neno. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Naurudisha," akasema Mwanamkasi.

Vigelegele hivyo! Wanawake wakamkumbatia, mama mwenye moyo, mama wa watu. Naye amesimama, mikono mitupu, haelewi nani aliyesema.

Mara ya tatu uliuzwa kwa Kibwana, mkulima wa Fukayosi aliyekuja kuuza mahindi, na ndiyo kwanza afike mnadani. Yeye alilipa kumi na mbili akaufunga kwenye baiskeli, maana nyumbani kwake hakukuwa na mkeka. Watu wakaguna. Mwanamkasi akamfuata hadi barabarani.

"Shikamoo, mama," Kibwana akasema. "Huu upande haujapindwa. Aliyeusuka yuko wapi, aje ammalizie mke wangu?"

"Marahaba. Amekufa. Ni mwanangu."

Kibwana akaushika ukamba aliofungia mkeka, tayari kuufungua. "Basi mama, uchukue. Mimi sikujua."

Barazani watu walikuwa wanatazama. Neno moja tu lilitosha, na alilitaka, jamani, alilitaka sana.

"Nenda, baba," akasema. "Jua linakuwa kali."

Wiki ya pili yake Zuleha akamjia mbio, jasho linamtiririka. "Shoga! Kabati limefika! Milango miwili, kitasa cha shaba! Ungeliona!"

Mwanamkasi alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Nalichukia kabati lenu, Zuleha," akasema. "Nalichukia na vitabu vyake vyote. Na mchwa wangevila vyote, mimi ningefurahi."

Kisha akaangua kilio, kwa sauti ile ile ya kusikika nyumba ya tatu. Zuleha alikaa naye pale pale sakafuni, akamshika, mpaka majirani wakaanza kuchungulia mlangoni kuuliza nani amefariki.